Jibu: Nani hasa aliyeasisi nasaba ya Yuan, Genghis Khan au Kublai Khan?

Salaam ndugu. Umeeleza kuwa kitabu kimoja kinamtaja Genghis Khan kuwa mwasisi wa nasaba ya Yuan ya China, kingine kinamtaja mjukuu wake Kublai, na hujui uandike yupi. Nami nilikwama hapo hapo nilipokuwa nikiwaandalia wanafunzi wangu jedwali la wafalme.

Kwanza angalia kichwa cha safu unayoinakili. Ikiwa ni safu ya majina ya hekaluni, yaani majina ambayo wafalme walipewa baada ya kufa ili watambikiwe kwayo, Genghis atatangulia kwa jina la Taizu, "Babu Mkuu", ingawa alifariki mwaka 1227, miaka mingi kabla dola hiyo haijaitwa Yuan. Alichokiasisi yeye, mwaka 1206, ni dola ya Wamongolia. Yuan ilitangazwa na Kublai mwaka 1271, naye akaimaliza Song ya Kusini, nasaba iliyokuwa ikitawala kusini mwa China, mwaka 1279. Kwa hiyo mwandike Kublai, na Genghis umweke pembeni kama babu aliyetukuzwa.

Ukifika Qing, nasaba ya mwisho ya China, utakutana na fundo lile lile, tena gumu zaidi: Nurhaci alianzisha dola iliyoitwa Jin ya Baadaye mwaka 1616, mwanawe Hong Taiji akaibadili jina kuwa Qing mwaka 1636, na Beijing ikatwaliwa mwaka 1644 wakati wa mfalme Shunzhi, mtoto wa miaka 6. Mimi humwandika Hong Taiji, kwa sababu jedwali langu linahesabu tangu jina la nasaba lilipotangazwa.