Mtoto wa awali akinyamaza, usimkimbilie mwenzake

Wiki hii mwalimu mwenzangu kaniandikia: "Dada, watoto wangu wakiitikia pamoja wanapasua paa. Nikimsimamisha mmoja, anaangalia vidole vya miguu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, subiri. Uliza, kisha nyamaza.

Nafundisha awali tangu ada ilipofutwa 2016 na madarasa yakafurika. "Tumeelewana?" "Ndiyooo, mwalimu!" Ndiyo hiyo haina maana yoyote, hata aliyekuwa anasinzia kaitikia.

Nilikuwa na binti mmoja, kimya kabisa. Siku moja nikampangia vizibo vitano vya soda kwenye mkeka, nikachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. "Nikichukua viwili, unabaki na vingapi?" Wenzake wakaanza "Mimi mwalimu! Mimi!" Nikawazuia kwa mkono. Akavigusa kimoja kimoja, midomo ikicheza bila sauti. Mwisho akasema: "Vitatu. Ila ukinirudishia, vinakuwa vitano tena."

Kutoa na kujumlisha kwa pumzi moja, na hakuna aliyemfundisha hilo!

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliliona hili miaka ya 1970 katika madarasa ya sayansi ya shule za msingi. Walimu wengi walisubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema.

Mimi niliitwa ofisini, nikaambiwa nachezea muda wa wazazi kwa sababu madaftari ya darasa langu hayajajaa. Kauli ile inaniuma mpaka leo. Watoto wale wale sasa wako darasa la pili, wanakwenda ubaoni bila kusukumwa, na mwalimu wao huja kuniuliza niliwalea vipi. Najivunia, sifichi.

Walimu, fimbo ya nini kwa mtoto wa miaka mitano? Akiogopa mkono wako, akili yake yote iko kwenye mkono huo, haiko kwenye hesabu. Mwite kwa jina lake. Akikosea, muulize kafikaje hapo, kwa sauti ile ile unayomsifia.

Najua utasema una watoto themanini. Wagawe. Kundi moja lipe vizibo, lingine udongo wa kufinyanga, wengine wachore mchangani, wewe kaa chini na kundi moja tu. Kesho kaa na lingine. Na anza na wale wanaoangalia vidole vya miguu.