Kabla Hujawauzia Wachina Kahawa Yako

Ujumbe huu huniingia kwenye simu mara kwa mara, ukitoka Mbinga, Moshi au Mbozi: "Dada, China wapo watu zaidi ya bilioni moja. Wakinywa kahawa yangu asilimia moja tu, si nimetoka kimaisha?" Huwa simkatishi mtu tamaa. Namrudishia swali tu. Starbucks, wale Wamarekani wenye maduka ya kahawa dunia nzima, wana mtaji kukushinda, wana jina kukushinda, na duka lao la kwanza Beijing walilifungua mwaka 1999. Sasa mbona Novemba 2025 walitangaza kuiachia Boyu Capital, kampuni ya uwekezaji ya Kichina, hadi asilimia 60 ya biashara yao ya hapa China?

Mimi ni wakala hapa Guangzhou. Kazi yangu ni kupokea sampuli, kutafuta wanunuzi, kukimbizana na makaratasi ya forodha na, zaidi ya yote, kuwasikiliza wateja wa Kichina wakilalamika. Ninayoyasema nimeyaokota humo kazini, na karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: kuwa mgeni hakukuongezei bei tena. Zamani kulikuongezea.

Tuanze na kahawa yenyewe, maana ndiko wengi wenu mliko. Luckin Coffee, kampuni ya Kichina ya maduka ya kahawa, ilianzishwa mwaka 2017. Ingia kwenye duka lao la kawaida, chini ya jengo la ofisi, uone. Viti viwili vitatu, pengine hakuna kabisa. Hakuna foleni ya kulipia kwa sababu hakuna wa kumlipa. Umeshaagiza na kulipa kwa simu ukiwa bado kwenye treni. Vikombe vimepangwa juu ya kaunta, kila kimoja kimebandikwa kikaratasi chenye namba ya oda, kiasi cha sukari, na kama umetaka barafu au hutaki. Unaskani, unachukua, unaondoka. Msichana wa nyuma ya kaunta hana hata nafasi ya kukutazama usoni. Na bei? Mwaka 2023 walipoingia vitani na Cotti, kampuni iliyoanzishwa na wale wale walioondolewa kwenye uongozi wa Luckin, kikombe kilishuka hadi yuan 9.9. Cha Starbucks kilikuwa kikicheza kwenye 30.

Mtu ataniambia, basi ni bei tu. Lakini bei peke yake haielezi yaliyotokea. Mwaka 2020 Luckin walibainika kughushi mauzo ya yuan bilioni 2.2, wakaondolewa kwenye soko la hisa la Nasdaq. Wengi tulidhani wamekwisha. Wanywaji hata hawakushtuka: waliodanganywa walikuwa wawekezaji wa New York, kikombe kilibaki kile kile. Mwaka 2021 wakaleta laté ya tui la nazi (watu wa Tanga mngeikubali hiyo), ikapendwa kupita kiasi. Septemba 2023 wakachanganya kahawa na Moutai, pombe kali ya mtama ya mkoa wa Guizhou ambayo huwekwa mezani kwenye karamu za wakubwa. Siku ya kwanza vikauzwa vikombe milioni 5.42. Jiulize wazo kama hilo lingepitishwa kwenye vikao vingapi huko Seattle, makao makuu ya Starbucks. Kwa idadi ya maduka Luckin walikuwa wameshawapita Starbucks hapa China, na mwaka huo huo wakawapita kwa mauzo ya mwaka mzima pia.

Mwaka 1999 kahawa yenyewe ilikuwa kitu cha nje, na kuonekana umeshika kile kikombe ilikuwa tayari ni hadhi. Kijana wa Guangzhou wa leo amekua na simu ya Kichina, analipa kwa WeChat, na gari la umeme analolitamani huenda ni BYD, iliyoipita Volkswagen kwa mauzo ya magari hapa mwaka 2023. Ukimwambia bidhaa yako imetoka ng'ambo, atakuuliza: enhe, halafu?

Na maswali yake ndiyo mtihani. Nimewahi kukaa na vijana wanaojibu wateja wa duka moja la mtandaoni linalouza kahawa ya pakiti. Saa nne usiku bado wako kwenye kompyuta, kila mmoja na madirisha kadhaa ya mazungumzo yamefunguka kwa pamoja. Imekaangwa tarehe ngapi? Uchachu wake ukoje? Ukituma leo itafika kesho? Mbona wenzenu wanaongeza kikombe cha bure? Mteja asipojibiwa upesi anahamia duka la jirani, na majirani ni maelfu. Hakuagi.

Hapo ndipo eBay, soko la mtandaoni la Wamarekani, walipokwama, ingawa ni habari ya zamani kidogo. Walikuwa wameinunua EachNet, tovuti ya biashara iliyokuwa inaongoza China. Mwaka 2003 Alibaba, kampuni ya Kichina, wakafungua soko lao la mtandaoni, Taobao: kuweka bidhaa bure, mnunuzi na muuzaji wanazungumza moja kwa moja, na baadaye kidogo ikaja Alipay, inayoshikilia fedha mpaka mnunuzi apokee mzigo wake. Katika soko ambalo watu hawakuwa wakiaminiana, hilo lilimaliza mchezo. eBay wao waliihamishia tovuti ya China kwenye mfumo wao wa dunia nzima, wakaendelea kutoza ada. Mwisho wa mwaka 2006 wakaifunga. Kwa hiyo ukipata mshirika hapa, mpe ruhusa ya kuamua. Namaanisha bei, punguzo, hata rangi ya pakiti. Kama kila jambo lazima lisubiri bosi aamke Dar, tofauti ya saa tano itakumaliza.

Si kwamba wageni wote wanapigwa. KFC walifungua Beijing mwaka 1987, wakakubali kuuza uji wa mchele na youtiao, vile vijiti vya unga vya kukaangwa ambavyo Wachina hula asubuhi na maziwa ya soya. Tangu mwaka 2016 kampuni inayoiendesha hapa, Yum China, inajitegemea na ina hisa zake yenyewe. Wazee wanapeleka wajukuu pale bila kufikiria Marekani hata kidogo. Na ninyi mnaujua mchezo huu kutoka upande wa pili: Tecno ni ya Shenzhen, lakini ilikuja kwetu na laini mbili na kamera inayoona ngozi nyeusi, huku kwao China watu wengi hawaijui.

Kuhusu siasa nitasema kwa kifupi: nyamaza. Dolce & Gabbana, wabunifu wa mavazi wa Italia, mwaka 2018 walitoa tangazo la mwanamitindo wa Kichina akihangaika kula piza kwa vijiti. Wachina wakaona wametukanwa, onyesho lao la mavazi la Shanghai likafutwa. H&M, wauza nguo wa Sweden, waliondolewa kwenye masoko ya mtandaoni mwaka 2021 kwa sababu ya kauli yao ya wasiwasi kuhusu madai ya kazi ya kulazimishwa kwenye pamba ya Xinjiang, magharibi mwa China. Ila usidhani uzalendo ni kinga kwa wenyeji. Septemba 2023 Li Jiaqi, mmoja wa watangazaji maarufu zaidi wanaouza bidhaa mubashara mtandaoni, alimfokea mteja aliyesema penseli ya nyusi ya Huaxizi, chapa ya hapa hapa, ni ghali kwa yuan 79. Alimwambia ajiulize kama amefanya kazi kwa bidii kiasi cha kuongezwa mshahara. Siku hiyo hiyo wafuasi wakaanza kumkimbia kwa maelfu, akaomba radhi akilia.

Sasa wewe na kahawa yako. Kwenye vikombe vya yuan 9.9 usiguse, huko wananunua buni kwa mikataba ya maelfu ya tani, na wana mashamba ya Yunnan mlangoni kwao. Nenda kwa wakaangaji wadogo wa Shanghai, Chengdu na hapa Guangzhou, wanaouza kahawa ya shamba moja na wanaotaka kujua mwinuko wa shamba, aina ya mbuni na namna ulivyokausha. Hawa wanalipa vizuri, lakini wanasumbua. Watakuomba video ya vitanda vya kukaushia, na wiki ijayo wataomba nyingine.

Ukitaka kuuza iliyokaangwa, fikiria pakiti za kuchuja kikombe kimoja kimoja kabla ya mfuko wa kilo. Picha ya simba na Mlima Kilimanjaro weka ukipenda, lakini mbele pawe na Kichina, na tarehe ya kukaanga isomeke bila miwani. Nimeona mifuko mizuri kabisa kwenye maonyesho ya Changsha, Kiingereza kitupu, watu wanaigeuza, wanatafuta tarehe, wanairudisha mezani.

Ushuru si kikwazo chako kikubwa. Tangu Desemba 2024 bidhaa za nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kibalozi na China, Tanzania ikiwemo, zinaingia bila ushuru wa forodha. Kinachowakwamisha wengi ni usajili: tangu Januari 2022 kiwanda cha nje kinachotuma chakula lazima kisajiliwe na forodha ya China. Ulizia hilo kabla hujachapisha mifuko.

Na jina. Hapa anayesajili kwanza ndiye mwenye chapa. Michael Jordan mwenyewe, yule nyota wa mpira wa kikapu, alifungua kesi mwaka 2012 dhidi ya kampuni ya Fujian iliyokuwa imesajili jina lake kwa herufi za Kichina, na alisubiri hadi mwaka 2016 kupata ushindi nusu. Wewe huna mawakili wake. Ukiwa bado Mbozi, kabla sampuli haijapanda ndege, chagua jina la Kichina pamoja na mtu wa hapa unayemwamini, ulisajili kwa jina lako wewe, si la wakala. Hata kama wakala huyo ni mimi.