Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Maaskofu Waliikataa Sheria ya Bima ya Afya

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana jambo lenyewe ni refu na kwenye simu kila mara unakimbilia zamu. Unasema mwenzako wa wodini amekubana: ninyi Wakatoliki mmedai matibabu kwa wote miaka nenda miaka rudi, kisha mwaka 2010 sheria ya Rais Obama ya kueneza bima ya afya ilipofika mezani, maaskofu wa Marekani wakaikataa. Je, wako na maskini au wako na chama cha Republican kilichompinga Obama? Wewe ukakosa la kumjibu.

Huyo mwenzako hajasema uongo. Maaskofu wa Marekani walianza kudai bima ya ugonjwa mwaka 1919, katika mpango wao wa kuijenga upya jamii baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1993, enzi za Rais Clinton, walitoa tamko kamili la kutaka mfumo wa afya urekebishwe hadi kila mtu afikiwe. Lakini ukitaka kujua msingi wa yote hayo, tafuta waraka wa Papa Yohane XXIII wa mwaka 1963 juu ya amani duniani. Anazitaja haki za binadamu: haki ya kuishi imetangulia, kisha vinafuata vitu vya kumwezesha mtu kuishi inavyostahili, yaani chakula, mavazi, malazi, mapumziko, matibabu. Zote ziko katika aya moja. Maaskofu waliingia bungeni wameishika aya nzima, na ugomvi wote ulitokana na hapo.

Sasa nikueleze sheria yenyewe ilivyokuwa, maana watu wengi hubishana bila kuijua. Tangu mwaka 1976, Bunge la Marekani limekuwa likiweka kwenye bajeti kifungu cha mbunge Henry Hyde wa Illinois, kinachokataza fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba, isipokuwa kwa hali chache sana. Sheria mpya ilileta fedha mpya: ruzuku za kuwasaidia watu kulipa ada ya bima. Fedha hizo zilipita njia nyingine, nje ya kifungu cha Hyde. Maaskofu wakauliza zitalipia nini.

Mbunge Bart Stupak wa Michigan, Mkatoliki na mwanachama wa Democratic, chama cha Obama, akaleta marekebisho kwamba ruzuku isiende kwenye bima inayolipia utoaji mimba. Tarehe 7 Novemba 2009 yalipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 240 dhidi ya 194, na usiku huohuo muswada mzima ukapita kwa 220 dhidi ya 215. Angalia tofauti hiyo ndogo. Mimi siamini kwamba ungepita bila Stupak.

Seneti, baraza la pili la Bunge, ikaja na njia yake siku ya mkesha wa Noeli. Bima iruhusiwe kulipia utoaji mimba, ila sehemu hiyo mteja ailipe kando, si chini ya dola moja kwa mwezi kwa kila mtu, na fedha hiyo iwekwe kwenye akaunti yake peke yake. Walioiunga mkono walisema hapo fedha ya serikali haigusi jambo hilo. Maaskofu walisema ruzuku bado inaibeba bima ileile, na mwenye bima analazimishwa kuchangia kitu ambacho dhamiri yake inakikataa. Kardinali Francis George wa Chicago, aliyekuwa rais wa Baraza la Maaskofu, akasema hapana. Sista Carol Keehan, kiongozi wa chama cha hospitali za Kikatoliki, alisoma vifungu vilevile akasema ndiyo. Stupak naye alikubali baada ya kuahidiwa amri ya rais ya kuwekea ruzuku hizo mipaka, na tarehe 21 Machi 2010 sheria hiyo ya Seneti ikapita katika Baraza la Wawakilishi kwa 219 dhidi ya 212. Rais alipotia saini, kalamu mojawapo alipewa Sista Carol.

Mwanangu, nisikie vizuri hapa, kwa sababu kuna watu walimtukana yule sista, na wengine wakamtukana kardinali. Kati yao hakuna aliyesema mtoto aliye tumboni si mtu, wala hakuna aliyesema maskini afe bila daktari. Walitofautiana juu ya maandishi ya sheria yanavyofanya kazi. Ukiniuliza mimi, niko na kardinali: amri ya rais mmoja inafutwa na rais mwingine kwa saini tu, na uhai wa mtu haufai kulindwa kwa kitu chepesi hivyo.

Lakini usimwache mwenzako aishie mwaka 2010. Mwambie na 2017. Chama cha Republican kilikuwa na Bunge na Ikulu, kikaleta miswada ya kuivunja sheria ya Obama. Ndani yake kulikuwa na makatazo juu ya fedha za utoaji mimba, yale yale maaskofu waliyoyadai. Ungetegemea wapige makofi. Askofu Frank Dewane wa Venice, Florida, akiwasemea maaskofu wenzake, alisifu makatazo hayo kisha akawaandikia maseneta kwamba muswada wao haukubaliki, kwa sababu ungepunguza mno Medicaid, mpango unaowatibu wenye kipato kidogo. Jaribio la mwisho kupigiwa kura lilianguka usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, pale Seneta John McCain aliposogea mbele, akanyoosha mkono na kugeuza dole gumba chini. Kura 51 za kulikataa dhidi ya 49. Sheria ambayo maaskofu waliikataa ikabaki, na muswada wa kuivunja vilevile walikuwa wameukataa. Muulize mwenzako hicho ni chama gani.

Uliniandikia habari za yule mama anayekata kidonge cha presha katikati ili dawa ya mwezi mmoja imfikishe miezi miwili. Nimemfikiria sana. Utu wake ni uleule wa kichanga ambacho hakijazaliwa, na uleule wa mzee ambaye jamaa wanamwona mzigo. Kardinali Joseph Bernardin alilisema wazi mwaka 1983 pale Chuo Kikuu cha Fordham, New York, kwamba anayetetea haki ya kuishi ya wanyonge hana budi kutetea pia maisha yao yawe ya kustahili. Kuna waliochukizwa na maneno hayo, pande zote mbili. Mimi nayashika.

Halafu kuna sababu nyingine ya maaskofu ambayo karibu hakuna anayeitaja. Sheria ile iliwakataza wahamiaji wasio na vibali kununua bima kwenye soko la bima lililoanzishwa na sheria hiyo, hata kwa fedha yao wenyewe. Maaskofu walilalamika waziwazi, na hawakusikilizwa.

Basi parokia yenu ikigawa karatasi za kumwandikia mbunge, zisome kabla ya kutia saini. Ukikuta zinataja utoaji mimba peke yake, ongeza kwa mkono wako mstari juu ya Medicaid na mwingine juu ya wahamiaji. Ukikuta zinataja bima tu, ongeza juu ya watoto walio tumboni. Karatasi ina nafasi ya kutosha.

Mungu akulinde kazini.

Mama yako