Mtaa wa Kongo: nenda asubuhi, na kipande cha kitambaa mkononi

Mara ya kwanza kutumwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, peke yangu nilirudi nyumbani na doti 20 za vitenge vya sare ya sendofu ya dada yangu, miguu imevimba, najiona mjanja kweli. Bei ilianzia 20,000 kwa doti, nikabishana mpaka 18,000. Jioni jirani yetu mmoja anayeuza nguo akashika kile kitambaa, akakisugua kwa vidole, akauliza nimechukua kwa ngapi. Nilipomtajia hakucheka. Afadhali angecheka. Kitenge hichohicho, mtaa huohuo, yeye alikuwa akichukua kwa 13,000.

Laki nzima hiyo. Iliishia kwa winga.

Kama humjui winga, Kariakoo utamjua kabla hujamaliza hatua kumi. Hana fremu ya duka, anakupokea njiani: "Dada'angu, unatafuta nini? Twende nikuoneshe, kuangalia bure." Anakuingiza dukani, anakonyezana na mwenye duka, na bei utakayotajiwa imeshabeba chake. Sisemi ni mwizi. Anajua nani kashusha viatu jana, nani kabakiwa na saizi kubwa, na ukitafuta kitu adimu atakuokolea nusu siku. Lakini kitenge kipo kila mlango! Sasa nikisemeshwa najibu, "Asante kaka, nina duka langu," huku natembea. Ukisimama tu, umeshapata mwenyeji.

Nusu saa ya kwanza usinunue chochote. Ingia maduka matatu, uliza, toka. Swali utakaloulizwa kabla ya kutajiwa bei ni "Unachukua ngapi?", na jibu lako ndilo linaloamua kama utauziwa jumla au rejareja. Hapo ndipo mimi nilipokosea zaidi: niliuliza bei ya doti moja, nikapunguziwa ya doti moja, halafu ndiyo nikasema nataka 20. Taja idadi yako mapema. Kama unataka mbili tu, tafuta shoga zako watatu mchange oda.

Na nenda na kipande. Kama sare ni ya kulinganisha na kitu kingine, kata kijisehemu cha kitambaa ukikunje kwenye pochi. Ukienda na maneno, "kijani fulani hivi, si ile ya jeshi", utafunuliwa kijani zote za dunia na utarudi na isiyo yako. Picha ya simu nayo inadanganya rangi. Ukishapata, kila doti ifunuliwe mbele yako, maana bidhaa ikishauzwa hairudi. Mbili kati ya zile zangu 20 zilikuwa na maua yaliyoruka rangi, tulizigeuza vilemba.

Muda mzuri ni saa mbili hadi saa nne asubuhi, katikati ya wiki. Basi la mwendokasi la Gerezani litakushusha jirani kabisa. Ikifika saa sita, Kongo ni barabara kwa jina tu: meza za wamachinga huku na huku, nguo zimetandikwa chini, watu bega kwa bega, gari haithubutu. Wiki ya mwisho ya Ramadhani na siku za kuelekea Krismasi mimi siendi hata kwa kulipwa. Mkoba mbele, simu ndani. Kama lazima upige, ingia dukani kwanza.

Ukisikia "Pisha! Mzigo!" pisha, ndiyo ugeuke kuangalia. Guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, halina breki ya huruma, na mbebaji mwenye robota kichwani haoni pembeni. Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na wabeba mizigo, Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Ukipata mwanya, tembea mpaka sokoni kwenyewe ukatazame jengo la Beda Amuli lililofunguliwa 1975, lile lenye paa la miavuli ya zege. Liliungua Julai 2021, na siku ile hata sisi tusionunua huko tulishinda tunapigiana simu.

Kiu ikikubana, glasi ya juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi inatosha. Chakula kizito acha mpaka umalize, kwani tumbo likijaa utakubali bei yoyote ili ukakae. Furushi moja unaweza kupanda nalo mwendokasi kabla ya saa tisa. Yakiwa mawili nachukua bajaji, na bei tunaelewana kabla mzigo haujaingia ndani.