Kususia au kwenda? Waulize wanaoumia

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini siasa isiachane na michezo, na kama ni halali kukata tiketi kwenda kutazama mashindano katika nchi inayokandamiza watu.

La kwanza halinichukui muda. Serikali ndizo zinazounga mkono maombi ya uenyeji na kujenga viwanja, na wimbo unaopigwa mshindi akivishwa medali ni wa taifa. Ila anayeambiwa aache siasa huwa mwanariadha. Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji weusi wa Marekani, waliinua ngumi kupinga ubaguzi kwenye jukwaa la washindi Olimpiki ya Mexico City, tarehe 16 Oktoba 1968, wakatimuliwa kikosini. Wiki mbili kabla ya hapo, jeshi lilikuwa limewamiminia risasi wanafunzi pale Tlatelolco, mji huo huo, na Olimpiki ikafunguliwa tarehe 12 kama ilivyopangwa. Nimefika Tlatelolco. Kuna jiwe la kumbukumbu lenye majina na umri wa baadhi ya waliouawa, na wengi ni vijana wadogo kabisa.

La pili ndilo gumu, na nimelibeba muda mrefu, kwa sababu nikisafiri napenda kwenda kuona viwanja hata kama hakuna mechi.

Santiago, kwenye Uwanja wa Taifa wa Chile, kuna kipande cha mabenchi ya zamani ya mbao kilichoachwa bila kukarabatiwa. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1973, uwanja huo uligeuzwa gereza, maelfu wakafungiwa humo na wengine wakateswa. Ujumbe wa FIFA ulifika Oktoba kukagua, ukaripoti kwamba hali ni shwari, ilhali wafungwa walikuwamo bado. Muungano wa Kisovieti ukakataa kucheza hapo mechi ya marudiano ya kufuzu Kombe la Dunia (na wao walikuwa na makambi yao ya wafungwa, tusisahau). Tarehe 21 Novemba wachezaji wa Chile wakaingia peke yao, wakapasiana hadi langoni na kufunga bao bila mpinzani. Wakafuzu hivyo hivyo.

Ukiishia Santiago utasema kususia ni heshima tu, hakuna tija. Lakini angalia Afrika Kusini. Walizuiwa Olimpiki ya Tokyo 1964 kwa sababu ya sera yao ya ubaguzi wa rangi, wakafukuzwa rasmi kwenye harakati za Olimpiki 1970, wakarudi Barcelona 1992. Miaka yote hiyo, waliokuwa wakidai watengwe ni Waafrika Kusini wenyewe, akiwemo Dennis Brutus, mshairi aliyepigwa risasi na polisi, kisha akafungwa Robben Island. Ukienda kisiwani leo, wanaokutembeza gerezani ni wafungwa wa zamani. Wa kwetu alitusimulia ligi yao ya soka, Makana, waliyoiendesha kwa kanuni za FIFA wakiwa vifungoni. Nikamuuliza kama kutengwa hakukuwaumiza wanamichezo weusi. Akanitazama, akasema weusi hawakuwa wakichaguliwa timu ya taifa hata hivyo, kwa hiyo wangepoteza nini?

Gharama ilikuwepo, ila iliangukia wengine. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini muda mfupi tu baada ya watoto wa Soweto kuuawa na polisi. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikasusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand haikufungiwa. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwa dakika 3:32.2 huku John Walker wa New Zealand akimfuata wa pili, hakukimbia. Walker akachukua dhahabu. Mimi nasema ilikuwa dhabihu yenye maana, japo ni rahisi kwangu kusema kwa sababu haikuwa miguu yangu.

Hatua ya kususia Olimpiki ya Moscow 1980 sitaitetea. Marekani ilitaka dunia isusie kwa sababu Wasovieti waliivamia Afghanistan, Rais Jimmy Carter akamtuma bondia Muhammad Ali kuzunguka Afrika kushawishi, na Nyerere akakataa kumpokea. Tanzania ikaenda: Bayi akapata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui medali ya fedha ya mita 5,000. Kenya haikwenda, na mkimbiaji wake Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Wanajeshi wa Kisovieti waliondoka Afghanistan 1989. Ule ulikuwa ugomvi wa wakubwa, na Wasovieti wakalipiza kwa kususia Los Angeles 1984.

Kwa hiyo swali langu huwa moja: wanaoumizwa wanaomba nini? Wakati mwingine hawaombi usiende. Buenos Aires nimetembelea ESMA, chuo cha jeshi la majini kilichokuwa kituo cha mateso cha udikteta wa kijeshi wa Argentina, leo ni makumbusho. Hakiko mbali na uwanja wa Monumental, na walionusurika wanasimulia kusikia kelele za mabao ya Kombe la Dunia 1978. Mfungwa mmoja alichukuliwa na watesaji wake kwa gari kwenda kuona watu wakishangilia ubingwa, akawaza kwamba hata akipiga kelele hakuna atakayejali. Lakini siku ya ufunguzi, wakati kamera nyingine zikiwa uwanjani, televisheni ya Uholanzi ilikwenda Plaza de Mayo, uwanja wa katikati ya mji, kuwarekodi akina mama waliokuwa wakiwatafuta watoto wao waliotekwa na utawala huo. Wasingekwenda Argentina, nani angewarekodi?

Qatar 2022 vilevile. Kilio kikubwa cha watetezi wa wafanyakazi kilikuwa fidia kwa wahamiaji walioumia au kufa kazini: waliitaka FIFA itenge angalau dola milioni 440, sawa na zawadi za mashindano. Mwaka 2024 FIFA ikatangaza mfuko wa dola milioni 50, zikapelekwa kwenye miradi ya mashirika ya kimataifa, si kwa familia za waliokufa.

Kombe la Dunia la Saudi Arabia 2034 bado liko mbali, na wanaojenga viwanja wengi watakuwa wahamiaji, wakiwemo wa kutoka huku Afrika Mashariki. Nitawasikiliza hao kwanza. Wakisema tusiende, tiketi sikati.