Barua kwa Mwanangu: Vyumba Viwili vya Ngamiani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Pangani. Barua yako nimeipata. Unasema wewe na wenzako mmepewa vyumba viwili vya uani katika nyumba moja ya Ngamiani, hapo Tanga mjini, mnataka kuvifanya kituo cha ushairi kwa watu wa mtaa, na unaniuliza, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili hadi kustaafu na mashairi yangu yamewahi kutoka magazetini, kama muanze na jioni za kusoma mashairi hadharani au muanze na warsha za uandishi. Mwana Kupona alimuusia binti yake kwa utendi mzima mwaka 1858. Mimi nakujibu kwa nathari, baba, kwa sababu nataka jibu hili ulitumie Jumamosi hii wala usilihifadhi kabatini.

Jibu langu ni kwamba msivitenganishe. Shairi la Kiswahili halikuzoea kusomwa, likapigiwa makofi, kisha watu wakaenda zao, lilizoea kujibiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama, na gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka mwaka 1923, kurasa zake za mashairi ziliwapa watu wa miji ya mbalimbali mahali pa kuulizana na kujibizana, wengi wao wakiwa hawajapata kuonana kwa macho. Aliyejibu alichukua bahari ileile, yaani mtindo uleule wa shairi, mara nyingi na vina vilevile, akageuza hoja. Huko ndiko kusoma hadharani na huko ndiko kujifunza kuandika, kwa wakati mmoja. Nimehudhuria warsha za siku hizi ambazo kila mtu anasoma lake, wenzake wanasema "limenigusa", zamu inaendelea kwa mwingine, na jioni inakwisha bila mtu yeyote kurudi nyumbani akiwa na deni. Mtu wa kituo chako na aondoke na deni la kujibu.

Kwa hiyo pangeni hivi: anayekuja na shairi aombwe kulighani, yaani kulisoma kwa mahadhi, mara mbili kabla hajasemwa neno, kisha wawili au watatu walichukue kwenda kulijibu kwa shairi, na Jumamosi inayofuata waanze wao. Wanaotaka kusikiliza tu wakaribishwe na wakae, maana malumbano bila wasikilizaji hupoa upesi.

Usiulize kwa nini nasisitiza kughani, nitakuonyesha. Tuseme kijana anawajia na mshororo huu: "Naliuliza bandari, meli zangu zi wapi?" Usimweleze habari za mizani, yaani hesabu ya silabi. Mwombe aughani. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, utapita vizuri, lakini akifika kwenye utao, nusu ya pili, sauti itamwishia njiani, kwa kuwa ilikwisha kujiandaa kubeba mizani minane nayo imepewa saba. Sikio limegundua kosa kabla ya kidole. Hapo sasa ndipo ahesabu, na mwenzake mmoja kwenye mkeka atasema "ziko wapi", na mshororo utakaa sawa. Kijana aliyejifunza kwa njia hiyo hasahau, ilhali aliyeandikiwa ubaoni kwamba tarbia ina mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja ataikariri sheria na kuendelea kuandika mashairi yanayochechemea. Nasema hivyo nikiwa mtu niliyeiandika sheria hiyo ubaoni kwa miaka mingi, kwa sababu mtihani uliitaka.

Lakini hapo kazi imefika nusu tu, kwa kuwa swali kubwa zaidi la mshororo ule ni nani anayeulizwa. Tanga ni mji uliokula mkonge. Wazee waliopakia marobota bandarini na waliofanya kazi mashambani wakati zao hilo lilipokuwa likiipa nchi fedha nyingi za kigeni bado wamo mitaani mwenu, na mmoja wao akiwa kwenye mkeka huo anaweza kumjibu kijana: "Usiulize bandari, mwenye meli yuko wapi?" Mizani ni minane kwa minane, vina havikuguswa, na kijana amerudishiwa shairi lake likiwa na adui ndani yake. Hakuna mkufunzi wa warsha anayeweza kumpa hilo. Ndiyo maana nakuomba mtafute wazee kabla ya kutafuta vijana. Vijana watakuja wenyewe.

Umegusia pia hofu yako kwamba wenzako wawili wanaandika mashairi huru na huenda wakafukuzwa na wazee hao. Hofu hiyo ina msingi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, wapo waliosema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi, na ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi kwa maneno makali kuliko yaliyostahili. Mimi napenda vina, unanijua. Hata hivyo, sioni sababu ya kituo chenu kuurithi ugomvi huo. Wekeni sharti moja kwa wote, kwamba shairi liweze kusemwa kwa sauti mbele za watu na kujibiwa, kisha mtu wa vina amjibu mtu wa huru kwa vina, na wa huru amjibu kwa namna yake. Wakikasirikiana, ni afadhali kuliko wakinyamaziana.

Rafiki yako wa New York amekueleza habari za Poets House, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1985 na mshairi Stanley Kunitz pamoja na Elizabeth Kray, na unaona kwamba tuige. La kuiga ni rafu ya vitabu. Wale walianza na wazo la kuviweka vitabu vya ushairi mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia, kuketi na kusoma bila kulipa, na shughuli nyingine zikajengwa hapo. Mji wetu ndio uliotakiwa kuwa na rafu kama hiyo zamani: Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui mwaka 1962, pande zote mbili si mbali na hapo mlipo, na bado mtoto wa shule akitaka diwani zake anaambiwa aazime kwa mwalimu, kama mwalimu anayo. Anzeni na vitabu thelathini. Wekeni na Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, iliyotoka mwaka 1954, kwa sababu hata anayetaka kuzivunja sheria hizo atafaidika kuzijua. Vitabu vya kuazimishwa viandikwe kwenye daftari, na anayechelewesha afuatwe nyumbani kwake bila aibu.

Kuhusu fedha nitakuwa mkali. Hata Poets House, pamoja na wafadhili wake wote, ilisimamisha shughuli mwaka 2020 wakati wa korona. Ninyi mmepewa vyumba bure, hivyo gharama zenu ni umeme, mikeka, chai na karatasi. Michango midogo ya wanachama inatosha, na yule asiyekuwa nacho aje na shairi. Jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ili mtu asije akawasumbua. Msikubali, hata hivyo, fedha ya mtu anayetaka kuchagua mada. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi waliombwa waeneze siasa mpya kwa wananchi, na chama cha washairi cha UKUTA, kikiwa na Mathias Mnyampala na ngonjera zake, mashairi ya kujibizana jukwaani, kilifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto ngonjera zile, nilizipenda, na Mnyampala alikuwa fundi. Lakini nilikuwa nikiona jinsi mtoto anavyosimama mbele ya mgeni rasmi na kutoa beti kumi bila kukosea, kisha ukimwomba atunge ubeti mmoja wa kwake hana pa kuanzia, kwa sababu jibu la mwisho katika ngonjera lilikwisha kuamuliwa na watu wazima. Shirika litakalowapa fedha leo ili mtunge mashairi ya usafi wa mazingira litawaletea jambo lilelile, na litataka picha pia. Shughuli za harusi ni bora zaidi: anayetaka shairi la kumsifu bibi harusi alipie, mtunzi apate sehemu kubwa na kituo kipate kidogo.

Jambo la mwisho ni saa. Umeandika kwamba mtakutana usiku baada ya Isha, nami nikasoma nikacheka, maana mkikutana saa hiyo mtakuwa wanaume peke yenu, mkijisifu. Wanawake wa Ngamiani wanaojua mashairi ni wengi kuliko mnavyodhani, wengine wamekulia kwenye vikundi vya taarab na wana mistari ambayo ninyi hamtaiweza, ila jioni wana jiko na watoto. Kutaneni baada ya Alasiri, watoto waruhusiwe kuingia, na chumba cha pili kiachwe wazi ili anayenyonyesha apate pa kukaa huku akisikia yanayoendelea. Mwanzoni mwombeni mwanamke mmoja mzee aongoze kikao; nitakupa jina la mmoja tutakapozungumza kwa simu, kwani sipendi kumtaja kabla hajaniruhusu.

Kondakta wa basi la asubuhi nimempa boksi lenye kurasa za mashairi nilizokata magazetini, zimefungwa kwa uzi kufuata majibizano, swali juu na majibu chini yake. Lipokee stendi, usilifungue njiani, na wala usibadilishe mpangilio. Majibizano mawili hayana jibu la mwisho, kwa hiyo hayo ndiyo muanze nayo.

Mama yako