Maumivu ya mwili mzima na sonona: visitibiwe kwa zamu

Kila Juni ikiingia hapa Uyole, Mbeya, napokea ujumbe wa aina moja: "Mwalimu, baridi imeniingia kwenye mifupa, wewe ulitumia nini?" Wanajua naumwa, na wanajua sifichi. Wengi wao ni baridi kweli, sweta na maji ya moto yanawatosha. Ila wapo ambao ukiwadodosa kidogo unakuta maumivu hayakuja na Juni. Yapo tangu mwaka jana: leo bega, kesho kiuno na mapaja, keshokutwa hata kufunga kitenge ni kazi. Wanalala mapema, wanaamka wamechoka kuliko walivyolala. Halafu, maongezi yakishanoga, wanadokeza kwamba siku hizi hawana hamu na kitu chochote. Hao ndio ninaowaandikia.

Mimi nina fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, na kwa kipindi kirefu nilikuwa na sonona pia, yaani huzuni nzito inayokaa na kukuondolea hamu. Ushauri wangu ni kwamba ukiwa navyo vyote viwili, vitibiwe pamoja. Ukingoja maumivu yaishe ndipo moyo uchangamke wenyewe, utangoja sana. Na anayekwambia "acha mawazo, mwili utapona" naye hajakusaidia.

Huku kwetu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi. Baridi yabisi huvimbisha viungo, na isipotibiwa huviharibu. Fibromialjia haivimbishi wala haiharibu, ndiyo maana eksirei na vipimo vya damu hurudi safi, ukabaki unaonekana mwongo. Tatizo liko kwenye namna ubongo na uti wa mgongo vinavyoyashughulikia maumivu: vinayakuza, hata mguso ambao mwenzako hausikii, wewe unakuuma. Kwa vigezo vya mwaka 1990 daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili, zikiuma 11 au zaidi ndipo alikupa jina la ugonjwa. Tangu 2010 huangaliwa zaidi maeneo mangapi yanauma, usingizi, uchovu na kusahausahau, mradi hali imedumu angalau miezi mitatu. Pia akupime magonjwa yanayofanana nayo: matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa damu, baridi yabisi yenyewe. Hatua hiyo usiiruke eti kwa sababu umesoma makala ya mwalimu wa Uyole.

Sonona inaingiaje hapo? Ubongo una kemikali, serotonini na noradrenalini, zinazosaidia kupunguza maumivu yanayopanda kupitia uti wa mgongo, na hizohizo zinahusika na furaha na huzuni zetu. Usingizi nao umo: mwenye fibromialjia hapati usingizi mzito wa kutosha, na asiyelala vizuri huumwa zaidi na hukata tamaa upesi. Kisha kuna maisha yenyewe. Jembe limekushinda, mama mkwe anasema umekuwa mvivu, umekosa misiba miwili mfululizo na watu wameanza kuhesabu. Sonona ikishakaa, nayo inaongeza maumivu na kukunyima nguvu ya kutoka nje. Si kila mwenye fibromialjia huipata, wengi hawana, lakini hatari yetu ni kubwa kuliko ya watu wengine.

Kuvitenganisha si rahisi, kwa kuwa uchovu, kukosa usingizi na akili kutotulia vipo pande zote mbili. Mimi nilivitenganisha kwa kwaya. Mwanzoni nilikosa mazoezi kwa maumivu, lakini kukosa kwenyewe kuliniuma; wenzangu wakituma wimbo kwenye kundi na sauti ya pili imepotea, nilikuwa nawarekebisha kwa ujumbe wa sauti nikiwa kitandani. Ikafika wakati jumbe zinalundikana sizifungui, na hata siku mwili uliponipa nafuu sikutaka kwenda. Mwili ukikataa wakati moyo unataka, mara nyingi hiyo ni fibromialjia. Moyo wenyewe ukiacha kutaka, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mweleze daktari. Anza wewe, usingoje akuulize. Foleni ni ndefu, na ukisema "mgongo" ataandika mgongo.

Sasa dawa, maana hapa ndipo wengi hukwama. Nilipoandikiwa amitriptilini nilipeleka cheti duka la dawa. Binti wa kaunta akakisoma, akanitazama, akauliza duka zima likisikia: "Mama, mgonjwa mwenyewe yuko wapi? Hizi ni za wagonjwa wa akili." Nyuma yangu alisimama mzazi wa mwanafunzi wangu. Nikamjibu mgonjwa ni mimi, na risiti naomba.

Hakusema uongo mtupu. Amitriptilini ilianza kutumika miaka ya 1960 kama dawa ya sonona. Lakini kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 hadi 25 usiku, hutumika kutuliza maumivu ya aina yetu na kuleta usingizi. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba dozi hiyo ndogo kwa kawaida haitoshi kutibu sonona. Kwa hiyo ukiwa umepewa vidonge vya usiku, maumivu yamepungua kidogo, na moyo bado uko palepale, usiseme dawa imeshindwa. Rudi umwambie daktari. Anaweza kupandisha dozi, au kukubadilishia kwa duloksetini ambayo hufanya kazi kote kuwili, au kukuunganisha na mshauri wa kisaikolojia. Hospitali za rufaa zina kitengo cha afya ya akili. Kuulizia hakukufanyi kichaa.

Vidonge hivyo vinakausha mdomo, vinafunga choo, na asubuhi vinaweza kukuachia usingizi. Mimi navimeza kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ili saa kumi na mbili asubuhi niweze kusimama. Usiviache ghafla. Usivichanganye na tramado, zile dawa kali za maumivu, za kununua mtaani bila daktari kujua, mchanganyiko huo una hatari zake. Diklofenaki za kila siku hazifui dafu kwenye fibromialjia, na zinaumiza tumbo na figo.

Wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, walipitia tiba nyingi, na moja tu ndiyo waliyoipendekeza kwa mkazo: mazoezi. Ukiwa unaumwa, kusoma hilo kunakera, nakiri. Ila mazoezi husaidia na sonona, kwa hiyo ndiyo bei rahisi kuliko zote. Anza kwa kutembea hadi nyumba ya tatu na kurudi, kesho hivyohivyo, uongeze polepole. Mtego uko kwenye siku nzuri. Ukiamka mwepesi, unataka kufua mablanketi yote, kupalilia, kisha upande daladala ya Mwanjelwa ukanunue mahitaji ya mwezi. Kesho yake hunyanyuki, na moyo unashuka pamoja na mwili. Fua blanketi moja, kaa. Darasani siandiki tena juu ya ubao; yuko mtoto wa darasa la sita mwenye mwandiko mzuri, anaandika yeye, na anajiona naibu mwalimu.

Maombi endelea nayo, nami naomba. Anayekutaka uache vidonge ili imani ionekane, mkwepe. Anayesema umerogwa, mpe chai, mbadilishe maongezi.

Lakini ukianza kuona heri usiamke, au mawazo ya kujidhuru yakija, hapo hakuna cha kungoja tarehe ya kliniki. Mwambie mtu aliye karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, akupeleke hospitali iliyo jirani, na mkifika pale mapokezi msiseme "maumivu ya mwili". Semeni lililowaleta. Dawa zote za nyumbani azitunze mtu mwingine, awe anakupa za siku moja moja, mpaka daktari aseme vinginevyo.